Kolwezi: Siri ya mgonjwa wakati wa ajali, nani ana ruhusa ya kujua nini?

Ajali ikitokea barabarani kati ya Likasi na Kolwezi, telefone zinafika mbele ya ambilansi. Mutu aliyeumia hajafikishwa hospitali, lakini picha yake imekwisha kuzunguka WhatsApp: uso, damu, nguo zilizopasuka, na pengine karta yake ya kazi iliyoanguka pembeni. Mama yake huko Kasaji anaifungua asubuhi, peke yake, kabla mtu yeyote wa jamaa hajampigia simu.

Watu wengi wanahesabu kwamba hiyo ni habari kama habari zingine. Lakini kidonda cha mutu, damu yake, dawa anazokunywa, ugonjwa alio nao, ni vitu ambavyo sheria ya Kongo inavilinda tangu zamani. Kwa Kifaransa wanasema secret médical. Hapa tutasema siri ya mgonjwa. Tunaeleza namna siri hiyo inavyofanya kazi wakati wa dharura, pale watu wanakimbia, wanalia, na kila mmoja anauliza.

Siri ni ya nani?

Tuanze na neno ambalo wengi wanalielewa vibaya. Siri ile si mali ya munganga, wala si mali ya hospitali. Ni mali ya mgonjwa. Munganga anaitunza tu, kama mtu aliyeachiwa mfuko wa mwenzake: hana ruhusa ya kuufungua mbele ya watu, na mwenyewe akirudi kuuomba, hana ruhusa ya kumnyima.

Kifungu cha 73 cha Code pénal hakitaji kazi moja moja, kinasema juu ya kila mtu anayewekewa siri kwa sababu ya hali yake au ya kazi yake. Akiitoa, anaweza kufungwa mwezi mmoja hadi sita, au kulipa faini, au vyote viwili. (Katika matoleo mengi ya kitabu hicho faini ingali imeandikwa kwa zaire, pesa ambayo watoto wetu hawajawahi kuiona. Lakini kifungo kinabaki kifungo.) Kifungu hicho kinafungua milango miwili tu: munganga akiitwa kutoa ushahidi mbele ya sheria, na pale sheria yenyewe inapomlazimisha aseme.

Angalia vizuri maneno “kwa sababu ya kazi yake”. Tunavyoelewa sisi, muforomo yuko ndani, lakini pia dereva wa ambilansi, yule anayeandika rejista, na yule wa laboratware. Kila mmoja amejua jambo kwa sababu kazi yake ilimuweka pale.

Sheria zingine zimekuja kuongeza nguvu. Waganga wana kanuni zao za kazi tangu ordonnance ya tarehe 30 mwezi wa nne 1970. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya ndani. Sheria ya tarehe 14 mwezi wa saba 2008 inawalinda wenye virusi vya Sida. Sheria ya afya ya umma ilitoka tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili 2018, na Code du numérique ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inagusa habari za watu zinazowekwa kwenye mashine na telefone, za afya zikiwa ndani. Majirani nao wamefanya vile: Kenya na Uganda mwaka wa 2019, Tanzania mwaka wa 2022. Marekani sheria yao maarufu juu ya habari za wagonjwa ni ya 1996. Basi jambo hili si mapya, wala si mambo ya wazungu peke yao.

Siri haizuii kutibu

Kuna waforomo ambao, kwa kuogopa sheria, wananyamaza hata mbele ya wenzao. Hilo ni kosa la upande wa pili. Wale wote wanaomtibu mgonjwa wana haki ya kujua kile kinachosaidia kumtibu. Dereva anamwambia muforomo, muforomo anamwambia munganga, munganga wa Fungurume anamwandikia mwenzake wa Kolwezi. Siri inatembea pamoja na mgonjwa, haitoki nje ya njia yake.

Mfano wa Lualaba ni asidi. Viwanda vyetu vinatumia asidi ya sulfuriki kuyeyusha shaba na kobalti kutoka ndani ya mawe, ndiyo maana malori yake yanapita barabarani mchana na usiku. Tarehe 20 mwezi wa pili 2019, lori la asidi iliyokuwa ikienda kwenye mgodi wa Mutanda lilianguka katika kijiji cha Kabwe baada ya kugongana na magari mengine. Karibu watu 20 walikufa, na wengine waliungua vibaya. Siku kama ile, kila dakika inahesabika: munganga anapaswa kujua ni mali gani ilimwagika, juu ya mwili gani, tangu saa ngapi, na kama wamemwosha kwa maji mengi. Hayo si siri ya mtu yeyote. Kwenye lori kuna kibao cha rangi ya chungwa chenye namba. 1830 ni asidi ya sulfuriki. Kampuni au dereva anayeficha jina la mzigo hawezi kujificha nyuma ya siri ya mgonjwa, kwa sababu mzigo si mgonjwa.

Na mgonjwa aliyezimia? Hawezi kutoa ruhusa, lakini matibabu hayangoji. Munganga anafanya kinachookoa maisha, na anamweleza ndugu wa karibu kile kinachohitajika kwa kuamua. Mgonjwa akiamka, uamuzi unarudi kwake.

Mbele ya mlango wa urgence

Hapa ndipo siri nyingi zinamwagika, na mara nyingi bila ubaya wowote. Jamaa inafika watu kumi na tano: baba mukubwa, shemeji, mchungaji, jirani. Muforomo amechoka, anataka wamwache afanye kazi, basi anasema kila kitu kwa sauti kubwa katika koridoo. Au rejista iko wazi juu ya meza, na kila anayepita anasoma: jina, miaka, mtaa, ugonjwa.

Jamaa nao wana haki ya kutoteseka. Tukumbuke usiku wa tarehe 10 mwezi wa tatu 2022, pale treni ya mizigo ilipotoka kwenye reli huko Buyofwe, katika territware ya Lubudi. Watu 75 walikufa na zaidi ya 100 waliumia. Walikuwa wamepanda ndani ya treni isiyo ya abiria, na treni ya mizigo haina orodha ya abiria. Katika hali kama ile, jamaa haina pa kuuliza isipokuwa hospitali na mochari. Kumwambia mama “hatuwezi kusema kitu, ni siri” ingekuwa ukatili.

Kwa maoni yetu, njia iko katikati. Jamaa inauliza: “Ndugu yetu eko hapa? Eko muzima?” Maswali hayo mawili yanaweza kupata jibu: ndiyo yuko hapa, anaongea, au hali yake ni nzito. Mtu mmoja tu wa hospitali awe na orodha, akae mahali pamoja panapojulikana, na orodha iwe na majina bila magonjwa. Swali la tatu, “Eko na nini?”, hilo ni la mgonjwa kujibu, au la mtu ambaye yeye mwenyewe amemchagua. Mgonjwa akiwa macho, muforomo amuulize mapema: nani niongee naye? Inachukua sekunde kumi.

Swali hilo lina uzito zaidi kwa wanamke. Mama analetwa usiku akitoka damu nyingi. Mama mukwe yuko mlangoni, anataka kujua kama ni mimba, ya miezi mingapi, na ilianza lini. Hata bwana yake hana tiketi ya kuingia katika siri hiyo kwa nguvu. Mwanamke mtu mzima, aliye macho, ndiye anasema nani aambiwe. Tunajua kwamba kusema hivyo kunaleta kelele katika nyumba nyingi za kwetu, hasa kama bwana ndiye anayelipa. Lakini kulipa franka hakununui siri ya mtu.

Kwa mtoto mdogo, wazazi au anayemlea ndio wanaelezwa.

Mchimbaji anayeogopa kusema jina

Jambo hili ni la kwetu kabisa, na ndilo linaumiza zaidi.

Tarehe 27 mwezi wa sita 2019, udongo uliporomoka kwenye shimo la KOV, ndani ya konsesio ya Kamoto Copper Company hapa Kolwezi. Hesabu ya kwanza ya wafu ilikuwa 36, baadaye ikapanda mpaka 43. Glencore, kampuni kubwa iliyo nyuma ya mgodi huo, ilisema kwamba wastani wa watu 2,000 kila siku walikuwa wakiingia humo bila ruhusa. Muda mfupi baadaye jeshi lilitumwa kuwaondoa wachimbaji. Tarehe 15 mwezi wa kumi na moja 2025, huko Kalando, daraja la kujitengenezea lilivunjika chini ya umati wa wachimbaji. Hesabu ya kwanza ya serkali ya jimbo ilikuwa watu 32 wafu.

Code minier inaadhibu kuchimba bila haki katika eneo la mwingine. Sasa ujiweke mahali pa kijana aliyevunjika mguu ndani ya shimo kama lile. Wenzake wamemtoa kwa moto, wamemfikisha hospitali. Mlangoni anaulizwa: jina nani? Ulikuwa unafanya nini? Wapi? Na pembeni anaona mtu wa uniforme. Atasema alianguka kutoka juu ya mti. Atatoa jina la ndugu yake. Au ataondoka usiku na sindano bado mkononi, aende kwa mtu wa mtaa amfunge mguu na vijiti.

Jina la uongo lina bei yake. Akirudi mwezi ujao, karatasi zake hazipatikani. Dawa inayomdhuru, ambayo iliandikwa wakati alilazwa mara ya kwanza, hakuna anayejua. Na akifa, mwili wake unalala mochari kwa jina la mtu aliye hai.

Je, muforomo analazimika kumpigia polisi simu? Rudi kwenye kifungu cha 73. Hakisemi “isipokuwa polisi akiuliza”. Kinasema ushahidi mbele ya sheria, au sheria inayolazimisha. Polisi anayeingia chumba cha dharura na kuomba rejista kwa mdomo tu, huyo bado hajafika kwenye mlango wowote kati ya ile miwili. Kama kuna uchunguzi, mwenye madaraka anaandika karatasi, ile wanaita réquisition, inamwomba munganga ajibu swali fulani juu ya mtu fulani. Munganga anajibu swali lile, basi. Haongezi kwamba mgonjwa yuko na Sida, wala haonyeshi majina ya wagonjwa wengine watano wa usiku ule.

Ni vilevile kwa mlinzi wa kampuni. Huyo si hata polisi. Kujua mgonjwa alichimba wapi kunaweza kumsaidia munganga, kwa mfano kama alivuta vumbi au kufunikwa na udongo kwa muda mrefu, na kwa sababu hiyo muforomo anaweza kuuliza. Lakini aeleze kwa nini anauliza. “Ninauliza juu ya kukutibu, si juu ya kukushitaki.” Maneno hayo machache yanaweza kumbakiza mtu kitandani.

Mfanyakazi na mukubwa wa kazi

Kwa wale wenye mkataba, mambo yana sura nyingine. Code du travail ya 2002 inamlazimisha mwajiri kugharimia matibabu ya mfanyakazi na jamaa yake. Kwa hiyo kampuni nyingi za Lualaba zina kliniki zao au mapatano na hospitali fulani, na ajali ya kazi inapaswa kutangazwa kwa CNSS ili mfanyakazi apate haki yake.

Hapo kuna mtego. Yule anayelipa faktura anataka kuona kila kitu kilichoandikwa ndani. Lakini kwa mukubwa wa kazi kunatosha kujua: ajali ilitokea, mfanyakazi anapumzika siku ngapi, akirudi anafaa kazi yake au hafai. Matokeo ya damu hayamhusu. Sheria ya 2008 inamkataza mwajiri kudai kipimo cha virusi vya Sida, na matokeo yanapewa mwenyewe. Kama damu ilichukuliwa siku ya ajali juu ya kumwongezea damu, haiwezi kugeuka kuwa kipimo cha kumfukuza kazi. Munganga wa kampuni, hata kama mshahara wake unatoka kwa kampuni, ni munganga.

Masaa 72

Mwanamke au msichana aliyebakwa anahitaji kufika hospitali ndani ya masaa 72, juu ya dawa za kuzuia virusi vya Sida. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa mpaka siku ya tano, lakini mapema ni bora. Sasa, kama kwenye meza ya kwanza anaulizwa “umekuja juu ya nini?” mbele ya watu ishirini, atasema kichwa kinauma, apewe paracetamol, arudi nyumbani. Masaa yanaisha.

Hospitali inayotaka kumwokoa inampokea kwa mlango ambao haumtangazi. Anaweza kusema tu “ninataka kuongea na mama muforomo”, na hiyo itoshe. Sheria mbili za tarehe 20 mwezi wa saba 2006 juu ya ubakaji zinamwomba pia prokireri na jaji kulinda heshima na maisha ya ndani ya mtu aliyeumizwa, na kesi inaweza kusikilizwa bila watu ndani. Karatasi ya munganga inamsaidia mbele ya tribinali, lakini matibabu hayangoji karatasi wala malalamiko. Anatibiwa kwanza.

Telefone yetu sote

Siri inayotoka kwa muforomo mmoja inafika kwa watu kumi. Picha inafika kwa elfu kumi, na hairudi. Mtu aliyepiga picha barabarani pengine si munganga, kifungu cha 73 hakimgusi kwa kazi yake, lakini katiba na Code du numérique bado ziko juu yake.

Ndani ya hospitali kuna desturi moja ambayo ina faida yake: waganga wa vijijini wanatuma picha ya kidonda au ya radio ya mfupa kwa mwenzao wa mjini wamuulize. Hiyo inaokoa watu. Ifanywe bila jina, bila uso, kwa mtu mmoja anayejulikana, si katika grupu la watu mia, na ifutwe kazi ikiisha. Kuna siku mmoja wetu alipokea katika grupu la kwaya picha ya radio ya kifua yenye jina kamili la mgonjwa. Aliyeituma hakuwa na nia mbaya, alitaka maombi.

Na sisi wa radio tujiseme pia. Kutangaza majina ya majeruhi hewani kabla jamaa hazijajua, au kuingiza mikrofone kwenye kitanda cha mtu aliye na maumivu, si kazi nzuri. Mtu aliyepewa sindano ya kutuliza hawezi kukubali mahojiano, hata akisema ndiyo.

Ugonjwa wa kuambukiza

Hapa sheria inafungua mlango. Kipindupindu, surua, Ebola, mpox, vinatangazwa kwa zone de santé na kwa Division provinciale ya afya. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia tarehe 1 mwezi wa nane 2018 mpaka tarehe 25 mwezi wa sita 2020, watu 3,470 walipatwa na 2,287 walikufa. Kazi ya kufuata waliogusana na mgonjwa ilihitaji majina, anwani, telefone. Bila majina hakuna chanjo ya wale walio karibu naye. Lakini jina linatoka kwa muforomo kwenda kwa wale wa kazi hiyo, si kwenda kwa mtaa. Mahali ambapo majina yalijulikana ovyo, watu walifichwa nyumbani, na ugonjwa ukatembea.

Kama siri yako imetoka

Anza na hospitali yenyewe: mwandikie médecin directeur, ubaki na kopi. Waulize pia CODESA ya aire de santé yako, watu hao wanakaa na wewe mtaani na kazi yao ni kusemea wakaaji. Kwa Kolwezi, ofisi za zone de santé ni za Dilala na Manika. Munganga anaweza kushitakiwa kwa conseil ya jimbo ya Ordre des médecins, muforomo kwa Ordre des infirmiers, na kosa la kifungu cha 73 linapelekwa parquet. Kama ni picha au ujumbe, piga kapture ya skrini ikionyesha namba na saa kabla mwenyewe hajaifuta.

Na kabla ya kutoka hospitali baada ya ajali yoyote, ya lori, ya shimo au ya kazi, omba kopi ya karatasi zako: siku uliyoingia, kilichoumia, kilichofanywa, jina na sahihi ya munganga. Wengine wanaambiwa “hiyo ni siri, hatuwezi kukupa”. Mwenye siri ni wewe. Bila karatasi ile, mbele ya CNSS, mbele ya kampuni ya lori au mbele ya jaji, utabaki na kovu tu la kuonyesha.